UJI WA MTOTO NA MAJI YALIYOMO NDANI YAKE

*Kipande cha 1*

Mlioniomba niandike kuhusu uji wa mtoto mmesubiri sana, zamu za usiku zilinibana. Leo naanza. Somo ni refu, kwa hiyo nimeligawa vipande. Soma kimoja, kalaze watoto, rudi usome kingine.

Kwa waliojiunga karibuni: mimi ni muuguzi, nafanya kazi Endasak, wilayani Hanang, kwenye barabara ile ya kutoka Babati kwenda Singida. Siku za kliniki ya watoto nakaa kwenye mizani. Kazi yenyewe ukiiangalia kwa mbali ni nyepesi. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mfuko wa kupimia, analia, unasoma kilo, unaweka nukta kwenye kadi. Ugumu uko kwenye ile nukta. Ukiiunganisha na nukta ya mwezi uliopita unapata mstari, na mstari ule ama unapanda, ama umelala, ama unashuka. Mama anakuangalia usoni kabla hujasema neno.

Sasa, mstari uliolala mara nyingi hautoki kwenye nyumba yenye njaa. Tunapotembelea kaya naona kwa macho yangu. Magunia ya mahindi yapo, maharage yapo, kuku wanazunguka uani. Ukiuliza mtoto anakula nini unajibiwa, "Uji, nesi. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Kikombe kizima anamaliza." Na ni kweli anamaliza. Hakuna anayedanganya hapo.

Hili si la Hanang peke yake. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko yote ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Iringa jamani! Mkoa unaovuna mahindi mpaka unauza nje. Njombe na Rukwa zinafuata, nazo ni maghala ya nchi hii. Sababu ni nyingi, kuna watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, kuna kuharisha kila baada ya wiki mbili, kuna mama anayeshinda shambani kuanzia alfajiri. Nazijua zote na siku nyingine tutaziongelea. Safari hii nashika moja tu, kilichomo ndani ya kikombe.

Na ili tuelewane itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye sayansi ya darasani. Usikimbie. Nitakupeleka taratibu.

*Kipande cha 2*

Tuanze na maji, maana ndiyo mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye uji, na ndiyo mengi kuliko kitu kingine chochote ndani yako. Mtoto anapozaliwa, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji.

Chembe moja ya maji ni oksijeni moja imeshikana na haidrojeni mbili. Hazikukaa kwenye mstari mmoja, zimepinda kidogo, na oksijeni inajivutia zaidi upande wake. Matokeo yake upande mmoja wa chembe una chaji hasi kidogo na upande mwingine una chaji chanya kidogo. Ni kama sumaku ndogo sana. Inavutana na chembe jirani, na inavutana na kitu chochote chenye pande mbili kama yenyewe. Ndiyo maana chumvi ukiitia majini inapotea, sukari inapotea, lakini samli inaelea juu. Samli haina mahali pa kushikwa. Kumbuka hili la samli, nitalirudia kwenye kipande cha mwisho.

Wanga sasa. Mmea unatengeneza sukari ndogo inayoitwa glukosi. Ikibaki hivyo hivyo itayeyuka majini na kutawanyika, haiwekeki akiba. Kwa hiyo mmea unaziunganisha glukosi moja baada ya nyingine mpaka unapata mnyororo wa mamia kwa maelfu. Minyororo mingine imenyooka, mingine ina matawi kama mgunga. Kisha unaifungasha kwenye punje ndogo kavu ambazo huwezi kuziona bila hadubini. Huo ndio wanga. Wa mahindi, wa mtama, wa ulezi, wa ngano ile ya mashamba ya Basotu, wa mchele, wa viazi, glukosi ni ile ile. Majina ya nafaka yanabadilika, tofali ni moja.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua tonge dogo la ugali mkavu, bila mboga, litafune, usimeze. Hesabu mpaka dakika mbili. Litaanza kuwa na utamu. Hujaongeza sukari, ni mate yako yana kitu kinachokata ule mnyororo, vipande vifupi vinatoka, na ulimi unavitambua kama sukari. Kitu hicho kinaitwa kimeng'enya. Ni protini, na kazi yake ni kukata tu. Shika neno hilo.

Jaribio la pili nalifanya mimi kliniki, akina mama wanalipenda. Ile dawa ya kahawia tunayosafishia vidonda ina iodini ndani yake. Dondoshea tone moja kwenye ugali, papo hapo panageuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Iodini inajipenyeza ndani ya mnyororo wa wanga na rangi inabadilika. Ukiweka kwenye yai au nyama, inabaki kahawia. (Ukishajaribu kitupe chakula hicho, kuku pia usiwape.)

Twende jikoni. Ukikoroga unga kwenye maji ya baridi ukauacha, unatua chini. Punje zimejifunga, maji hayana mlango. Ukiwasha moto, joto linatikisa ile minyororo, mafundo yanalegea, maji yanaingia. Punje inavimba mara nyingi ya ukubwa wake, minyororo inachomoza nje, inasukana na ya jirani, na kila mmoja umekumbatia maji. Hapo ndipo mwiko unaanza kuwa mzito mkononi. Gramu 10 tu za unga wa mahindi zinatosha kufanya gramu 100 za uji unaosimama kijikoni. Gramu 90 zote zilizobaki ni maji, ila yamekamatwa, hayawezi kutiririka.

Kwa mtu mzima hilo ni jambo zuri, ndiyo maana ugali unashibisha. Kwa mtoto wa miezi saba ni tatizo, maana hana meno ya kutafuna na koo lake ni jembamba. Ule uji anautema. Mama anafanya nini? Anaongeza maji. Nani angemlaumu? Uji unakuwa mwepesi, mtoto anakunywa mpaka tone la mwisho, nyumba nzima inafurahi.

*Kipande cha 3*

Hiki kipande kina hesabu. Chukua kalamu.

Uji mwepesi unaonyweka kikombeni bila shida una unga kama gramu 5 kwenye kila mililita 100. Gramu moja ya unga inatoa kalori tatu na nusu hivi. Kwa hiyo mililita 100 za uji huo zina kalori 18. Maziwa ya mama, kiasi hicho hicho, yana 65 mpaka 70. Yaani umemtoa mtoto kwenye maziwa ukampa kitu chenye nguvu robo ya alichokuwa anapata, na umempa ukidhani sasa ndiyo ameanza chakula.

Na tumbo lake ni dogo. Kwa makadirio tunayotumia, tumbo la mtoto linabeba mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Halitanuki kwa sababu wewe unampenda.

Nikupe mfano wa mtoto mmoja, sitasema wa kitongoji gani. Aliletwa na bibi yake. Mama wa mtoto alikwenda mjini kufanya kazi za ndani mtoto akiwa na miezi tisa, kwa hiyo hanyonyi tena. Siku hiyo alikuwa na miezi 11 na kilo 6.8. Utepe wa mkono ulisoma njano, sentimita 12.1. Alikuwa mchangamfu, hana homa, miguu haijavimba, ananyang'anya kalamu yangu. Ila mstari kwenye kadi ulikuwa umelala miezi miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu ananimalizia unga, hanenepi. Au ana minyoo?"

Nikamuuliza anavyopika. Akanieleza vizuri sana, mwanamke msafi, unga wake ameusaga mwenyewe mashineni, haununui dukani. Anapika, ukiwa mzito anaongeza maji "mpaka uwe kama chai". Nikachukua kikombe nilichonacho, cha mililita 200, nikamwonyesha kwamba hicho ndicho kinachojaza tumbo la mjukuu wake. Mtoto wa umri ule asiyenyonya anahitaji kalori 700 hivi kwa siku. Kwa uji wa kama chai, ni karibu lita nne. Nikamwambia, bibi, huyu ungempa ndoo.

Hakucheka. Alikaa kimya, halafu akasema maneno ambayo mimi kama muuguzi nayasikia mara nyingi na bado yananiingia: "Sasa nimpe mzito anakataa, nimpe mwepesi hanenepi. Nifanyeje?"

Swali lake ndilo swali lenyewe. Anachohitaji mtoto ni uji wenye unga mwingi unaotiririka kama wenye unga mchache. Kwa mwiko na moto peke yake haiwezekani, kemia ya wanga haikuruhusu. Lazima kitu kikate minyororo.

Na kitu hicho bibi alikuwa nacho nyumbani. Bibi anapika pombe.

*Kipande cha 4*

Mbegu ni mtoto aliyelazwa pamoja na chakula chake. Ukichana punje ya hindi utamwona, yule kiini mdogo pembeni, na sehemu kubwa nyeupe iliyobaki ni akiba aliyowekewa. Akiba hiyo ni wanga mkavu, na kile kiini hakiwezi kula mnyororo kama ulivyo, hata mimi na wewe hatuwezi. Kwa hiyo mbegu inasubiri maji. Ikishanyonya maji inaamka, na kazi ya kwanza inayofanya ni kutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga uwe sukari, ili mche upate nguvu za kutoka ardhini. Ukiisimamisha hapo kwa kuianika juani, vimeng'enya vinabaki ndani, vikavu, vinasubiri. Ukiisaga, una unga wa visu.

Hicho ndicho kimea. Wazee wetu wamekitumia karne na karne kwa pombe na togwa bila kumwuliza mtu wa maabara.

Waliokileta kwenye kikombe cha mtoto kwa vipimo ni watu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka 1983 mtafiti wa taasisi hiyo, Alexander Mosha, pamoja na Ulf Svanberg wa Uswidi, walichapisha kazi yao kuhusu unga wa nafaka zilizooteshwa. Walionyesha kwamba ukiweka kimea kidogo kwenye uji mzito, unalainika ndani ya dakika chache. Uji uliokuwa unaweza kubeba unga wa asilimia 5 tu ukabeba asilimia 20, na bado mtoto anaunywa. Baadaye walikwenda kuujaribu na watoto wenyewe kijijini Luganga, mkoani Iringa. Unaona tunarudi Iringa.

Rudia hesabu. Asilimia 20 ni gramu 20 za unga kwa mililita 100, kalori 70. Sawa na maziwa ya mama. Yule mjukuu wa bibi, milo mitano ya kikombe cha mililita 200 ni lita moja, kalori 700. Tumbo lile lile, mahindi yale yale.

Nilipomweleza bibi, akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo mmesoma miaka yote hiyo mje mnifundishe kimea?" Tukacheka mpaka mama waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Naandika namna ya kufanya. Ulezi ndio naupendelea, nitasema kwa nini.

Chagua ulezi safi, hasa usio na ukungu. Hapa sitanii. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara, huu wetu, ilipata watu waliougua na wengine kufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, vifo vikafika 20. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Nafaka yenye harufu ya uvundo usimpe mtoto, usiotesheeni kimea, na usimpe ng'ombe wa maziwa.

Osha, loweka kwa maji safi usiku kucha. Chuja, tandaza kwenye kitambaa au gunia safi lililolowanishwa, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vitatoka. Vikifika urefu wa kucha ya kidole kidogo, inatosha. Anika juani mpaka vikauke kabisa, sugua kwa viganja vichipukizi na vimizizi vidondoke, pepeta, saga. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

Ukiotesha mtama, kupepeta si jambo la hiari. Kichipukizi cha mtama kina sumu ya jamii ile ile iliyomo kwenye muhogo mchungu, na iko zaidi kwenye majani na mizizi midogo kuliko kwenye punje. Ndiyo sababu naupenda ulezi, hauna shida hiyo.

Kupika: pika uji wako mzito, uive sawasawa, dakika 15 na zaidi. Ipua. Sasa subiri. Wengi wanaharibu hapa, wanatia kimea uji ukiwa unatokota, halafu wananiambia kimea hakifanyi kazi. Kimeng'enya ni protini kama ute wa yai. Umewahi kuona ute wa yai ulioiva ukirudi kuwa maji? Hata hapa kwetu, miguuni mwa mlima Hanang, ambako maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, joto la kuchemka linakiua. Subiri mpaka uweze kushika kikombe kwa nje bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe, koroga, acha dakika kumi. Utaona kwa macho yako, mwiko uliokuwa unasimama unaanza kuanguka. Mara ya kwanza nilipoona nilidhani mtu ameongeza maji.

Halafu rudisha motoni uchemke kidogo tena. Kimea kimekaa siku tatu kwenye unyevu, vijidudu vinapenda unyevu kuliko sisi. Uji hautarudi kuwa mzito, minyororo imeshakatwa. Poza, mpe mtoto.

Maswali yaliyoingia tayari:

"Nesi, si atalewa?" Hapana. Pombe inahitaji hamira ile sukari kwa muda, saa nyingi na siku. Dakika kumi na moto juu yake hazitengenezi pombe. Ila uji uliobaki ukalala ukachacha wenyewe usimpe.

"Na togwa?" Togwa iliyotengenezwa kwa usafi ni nzuri. Wilbald Lorri, naye wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na huyo huyo Svanberg walichapisha mwaka 1994 kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa hivyo waliharisha mara chache kuliko wenzao. Ile asidi inayoleta uchachu inawazuia vijidudu wengi wa kuharisha. Usinunue ya mnadani kwenye ndoo iliyo wazi lakini.

"Mtoto wangu ana miezi minne, naweza kuanza?" Hapana mama. Hata kongosho lake bado halijaanza kutoa vizuri kimeng'enya cha wanga. Maziwa yako tu, hata maji usimpe, mpaka miezi sita.

*Kipande cha 5*

Hiki ndicho cha mwisho na ndicho kitakachonigombanisha na watu.

Unga wa lishe. Mnaujua. Mfuko una picha ya mtoto mnene, ndani kuna mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, uwele, soya na karanga, vyote pamoja, "nafaka nane". Mama anauza kuku wawili anaununua. Mimi nikiangalia orodha hiyo naona wanga, wanga, wanga, wanga, wanga, wanga, kisha soya na karanga. Tumeshasema tofali ni lile lile. Nafaka sita hazimpi mtoto nguvu mara sita, na kwa kuwa mzito wake unakamata maji vile vile, mwishowe mama anauongezea maji vile vile. Karanga ikishasagwa ikakaa dukani miezi, mafuta yake yanachacha, na karanga iliyohifadhiwa vibaya ni rafiki mkubwa wa sumukuvu. Soya ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kukata protini tumboni, kwa hiyo isipochemshwa au kukaangwa vizuri inamzuia mtoto kutumia hata ile protini aliyokula. Nani ameichemsha soya ya kwenye mfuko? Hujui. Wapo wanaotengeneza kwa uaminifu, sikatai. Lakini pesa hiyo ningekushauri ununulie mayai.

Maana kimea kinatatua nusu tu ya tatizo. Kinapitisha nguvu nyingi kooni. Hakijengi nyama. Misuli, ngozi, damu, vimeng'enya vyenyewe, vyote ni protini, na protini nayo ni mnyororo, ila shanga zake ni za aina 20, tofauti na wanga wenye shanga ya aina moja. Baadhi ya shanga hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Mahindi yana upungufu wa moja inayoitwa laisini. Maharage yanayo kwa wingi. Ndiyo maana makande ni chakula cha maana sana na wala hatukuhitaji mtu wa nje kutuambia, mtoto apondewe tu mpaka yalainike. Yai linazo zote. Maziwa yanazo zote. Dagaa aliyesagwa, kijiko kimoja kwenye uji, anazo zote na chokaa ya mifupa juu yake.

Na samli niliyosema nitairudia. Akina mama wa Kibarbaig mnaosoma hapa, ninyi mnayo nyumbani. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Na kwa kuwa haishikani na maji, haifanyi uji uwe mzito, inaulainisha. Kijiko cha chai cha samli au mafuta ya alizeti ni kalori kama 40. Linganisha na kile kikombe kizima cha uji wa kama chai, mililita 200, kalori 36. Kijiko kimoja! Ukiniuliza jambo moja la kufanya kesho asubuhi kabla hata hujaotesha ulezi, ni hilo.

Chai ya rangi usimpe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Naandika hili haraka lakini kwetu huku chai ndiyo mgeni wa kila mlo, hata wa mtoto.

Mtoto wa bibi alirudi baada ya mwezi. Kilo 7.3. Siwezi kuwaambia ni kimea, maana bibi hakufanya kimea peke yake, alitia na samli, alimpa yai siku tatu kwa wiki, na mtoto mwezi ule hakuharisha hata mara moja. Vyote vilikwenda pamoja. Utepe ulikuwa bado njano, sentimita 12.4, kwa hiyo anaendelea kuja kila mwezi. Bibi sasa anaotesha ulezi kwenye gunia dogo la pembeni, mbali na la pombe, na amenipa masharti: akina mama wakitaka kujifunza niwapeleke kwake, siyo yeye aje kliniki, ana kazi. Nimeshapeleka wanne.

Jambo la mwisho, na tafadhali mfikishie hata asiye na simu. Haya yote ni ya mtoto anayecheza na mwenye hamu ya kula. Bonyeza juu ya unyayo wake kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achia. Kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, au utepe umesoma nyekundu, au anakataa kila kitu, au analala tu hata ukimwita, usikae nyumbani na kimea. Mwili wa mtoto huyo hauwezi kupokea chakula cha ghafla, chumvi na maji ndani yake vimeshavurugika, na kuna maziwa maalumu na dawa zake zinazoanza kidogo kidogo. Mlete siku hiyo hiyo, hata usiku. Kadi usiisahau.